Nati ya Gari la Shee

Garissa,
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Mwanaesha,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute barazani na goti lako limetulia, maana katika barua yako ya mwisho uliandika habari za goti kuliko za mwenye goti. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku ni lile lile. Mto umepungua, na jioni huvuma upepo unaonikumbusha Kiunga kabla hatujahamishwa, ingawa huu unanuka vumbi na mbuzi, si chumvi.

Umeuliza jambo moja, tena kwa ukali: je, gari la marehemu kaka yetu Shee litafika Malindi kabla ya harusi ya binti yake? Najua Zuhura ameapa hatoki kwao kwa gari jingine. Mimi walii wake, nitakayemwoza badala ya baba yake, naweza kupanda basi, lakini gari halipandi basi. Basi sikiliza yaliyonipata.

Tangu Shee alipoliacha mikononi mwangu, gari lile limekuwa likidondosha oili. Juzi fundi Abdinoor alilala chini yake, akaishika ile nati nene iliyo tumboni mwa injini, inayofunguliwa ili oili chafu imwagike. Ikazunguka ovyo bila kushika.

"Adeer," akasema, maana ndivyo mzee anavyoamkuliwa huku, kama sisi tunavyosema baba mdogo, "hii nati imekwisha meno kama wewe."

"Mimi nimebakisha manne."

"Basi wewe nafuu."

Unaukumbuka mkono wa Shee. Kila alipobadilisha oili alikaza nati hiyo mpaka chuma kilie, na meno yakaliwa mwaka hadi mwaka. Abdinoor alipoifungua ikamponyoka, ikazama katika karai la oili. Akasema haiendi popote, akajifuta mikono na kwenda madukani kutafuta mpya.

Akiwa huko, jirani yangu Mama Shamsa akabisha hodi na debe. Huku oili chafu haimwagwi, Mwanaesha. Ngamia mwenye upele hupakwa hiyo, na anayetangulia kuomba hanyimwi. Nikammiminia karai zima, nikapokea dua zake, nikaingia ndani kusoma.

Abdinoor alirudi mikono mitupu. Gari ni la vipimo vya kizamani, hakuna nati ya dukani inayoliingia. Mchonga vyuma wa sokoni angeweza kuchonga mpya, lakini alimwambia, "Nileteeni ya zamani niipime. Mimi sichongi kwa hadithi."

Tukalitazama karai. Lilikuwa tupu.

Tukamwendea Mama Shamsa. "Wallahi mimi nilibeba mafuta, sikubeba chuma," akasema. Debe lilikwisha kwenda malishoni kwa mumewe, Mzee Gedi, upande wa barabara ya Modogashe. Basi nikapanda bodaboda, mimi na fimbo yangu na umri huu, na ungeniona ungecheka mpaka goti lipone.

Mzee Gedi nilimkuta mikono myeusi hadi viwiko, akimpaka ngamia. Nikamwuliza habari ya nati. Akamtikisa ngamia shingo. Kengele ikalia, ngo, ngo. Ilikuwa kengele ya mti, na ndani yake, imefungwa kwa kamba, ilining'inia nati ya Shee.

"Hii kengele ilikuwa bubu tangu mvua iliyopita," akasema. "Sasa inaongea. Wewe unakuja kuifunga mdomo?"

"Nakuja kumwoza binti wa ndugu yangu. Baba yake hayupo. Hili lilikuwa gari lake."

Aliendelea kupaka mpaka ubavu ukaisha. Kisha akatoa kisu na kuikata kamba. "Ya harusi, chukua. Lakini irudi. Huyu anapenda kupotea, na asiposikika, fisi ndiye atamwona kwanza."

Mchonga vyuma akaipima, akatuchongea mpya iliyonenepa kidogo ili ishike kwenye tundu lililolegea. Abdinoor akaivika washa, kile kipete cha shaba nyekundu cha kuzuia kuvuja, akaikaza, akaacha nilipotaka aendelee. "Adeer, ikishika, iache. Usifanye kama ndugu yako." Tukatia oili mpya na kutandika kadibodi chini. Leo baada ya swala ya alfajiri niliinama na tochi, magoti yakilalamika. Kadibodi ilikuwa kavu.

Tutaondoka Jumatano, Abdinoor akiendesha, kwa njia ya Hola na Garsen. Nisalimie shemeji, mumeo, umwambie asinunue oili, tunayo. Msalimie mama yake Zuhura, naye asilie kabla hatujafika. Na imamu wetu mwambie walii yuko njiani.

Zuhura mwambie hivi: gari la baba yake linakuja, ila nati aliyoikaza kwa mkono wake imebaki huku. Nimeirudisha leo adhuhuri kama nilivyoahidi. Mzee Gedi aliifunga palepale ndani ya kengele, ngamia akaondoka, nami nikasimama nikisikiliza mpaka sauti ikaishia vichakani. Hakupotea.

Wako akupendaye, nduguyo wa tumbo moja,
Athman