Chupa ya Babu Mhina

Misima, Handeni
2 Mei 2024

Mke wangu Shamimu,

Salamu nyingi kutoka kwa mumeo mzee. Mimi ni mzima, hofu kwako wewe na cherehani yako huko Manundu. Mama yako hajambo?

Msaragambo wa kupalilia, ile kazi yetu ya kijiji kizima, umefika shambani kwa Jabiri. Unajua sheria yetu: anayetoka kwenye mstari kwenda kunywa maji anaitwa bibi harusi mpaka mavuno. Sikutoka! Jabiri nimempita mistari miwili. Mgongo unauma, lakini Afisa mwenye duka ana vidonge vya maumivu, nameza vitatu vitatu, leo siku ya nne. Juzi tumbo liliniendesha vibaya, sasa limetulia. Ajabu moja tu: tangu jana asubuhi sijakojoa hata tone.

Hayo nakwambia wewe, mjukuu, kwa kuwa tunataniana. Usimwambie mama yako. Mwanangu wa kumzaa nitamtazamaje?

Mumeo,
Babu Mhina

Manundu, Korogwe
3 Mei 2024

Shikamoo Babu,

Leo sina utani. Barua yako imefika na basi la asubuhi, nimeisoma nikaacha shati la watu chini ya sindano. Simu yako haipatikani, kama kawaida yako. Acha hivyo vidonge, panda pikipiki uende hospitali leo hii.

Nisamehe. Anayekukabidhi barua hii ni Mama mwenyewe, na yako ameisoma yote. Nimeogopa kukupoteza.

Mjukuu wako,
Shamimu

Wodini, Handeni
17 Mei 2024

Mke wangu msaliti,

U mzima? Mimi wiki nzima sikuwa mzima. Uso ulivimba, kila nilichokula kilirudi, na nesi nilimwita kwa jina la marehemu bibi yako. Daktari anasema figo zilisimama ghafla, kwa kuishiwa maji mwilini na vile vidonge. Nilidhani yamenipata peke yangu, kumbe ugonjwa huu umejaa. Kitanda cha pili Raymond, malaria ndiyo iliyomfikisha hapo. Wodi ya wazazi yuko Getruda, alivuja damu nyingi akijifungua. Wengine hupelekwa mbali kusafishwa damu kwa mashine, na mimi jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Sasa sikia aibu yangu. Kila tone lilipimwa kwenye chupa, na mshika chupa ni mama yako. Siku ya kwanza, vijiko viwili. Siku ya sita alipoona nusu lita alipiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. Kisha akalia. "Baba, ulikuwa radhi kufa kuliko kuniambia?" Nililia naye.

Mumeo uliyemsaliti vizuri,
Babu

Misima, Handeni
18 Julai 2024

Mke wangu,

Salamu zako zimefika, na shati ulilonishonea limenikaa. Damu imepimwa tena, figo zimerudi kazini karibu kabisa. Dukani kwa Afisa siku hizi nanunua chumvi tu.

Jana tulivuna mahindi ya Jabiri. Katikati ya mstari nikasimama, nikanywa kopo zima la maji mbele ya watu wote. Wakaniita bibi harusi! Baadaye nikaaga kwa sauti kwamba naenda kichakani, na niliporudi nikamkuta Jabiri anaulizia kopo liko wapi. Nimeshindwa mistari mitatu.

Nimekojoa mara tano. Mwambie mama yako.

Mumeo,
Babu Mhina