Ile Point Mort Uliyotufundisha, Papa

Papa yangu,

Niko naogopa. Naanza na hiyo juu ulikuwa unakasirika mutu akizunguka-zunguka. Niko naogopa tangu jana, siku ya tano, kula haipite, na hapa kwangu Muhumba hakuna mutu wa kumuambia. Basi nakuambia wewe, hata kama wewe mwenyewe njo sababu.

Unakumbuka Bagira ilikuwa shule yetu? Siku ya mungu, kisha misa, ulikuwa unatupandisha mu ile pick-up ya zamani, mimi katikati, Bahati ku mulango na miguu yake haifike hata chini. Ulikuwa unaweka mukono yako ya moto juu ya mukono yangu, kwenye lever, ile fimbo ya gia, na tunabadilisha vitesse pamoja. Ya kwanza. Ya pili. "Sikiliza moteur, mama, yeye njo anakuambia." Ulikuwa unaniita mama juu nilibeba jina ya mama yako, na nilikuwa najisikia mukubwa sana.

Kisha tunafika fasi barabara inaanza kutelemuka, na hapo njo raha yetu ilikuwa. Ulikuwa unasukuma lever katikati, point mort, fasi hakuna vitesse hata moja. Moteur inanyamaza, gari inajiachilia, na Bahati anapiga makofi. "Mulima inatupeleka bure!" ulikuwa unasema. "Mafuta hii tunaokoa njo mandazi yenu ya leo." Na kweli tulikuwa tunakula mandazi.

Haikuwa ujinga, najua. Njo kazi ya chauffeur wa camion za mizigo ilivyo. Patron, mwenye camion, alikuwa anakupimia mazout, yale mafuta ya kwenda Uvira na kurudi, na ile inabaki mu réservoir ni yako. Chauffeur mwenye akili anabakiza. Wewe ulikuwa unabakiza kupita wote, na wenzako walikuwa wanakutania kwamba unashuka mulima ya Ngomo na mafuta ya kikombe moja. Ulikuwa unacheka mupaka unakohoa. Mabati ya nyumba yetu ya Bagira ilitoka mu ile mutelemuko, kila moja.

Na unakumbuka ulivyochekelea gari za automatique wakati zilianza kufika, zenye usukani kuume? "Hiyo ni kiti, haiko gari. Embrayage ya gari ya mukono, manuel, ikiisha, fundi Déo anabadilisha disque mbele ya chakula ya saa sita. Automatique ikigonjwa, unaita watu wa matanga." Tulicheka wote. Sasa nikuambie kitu utanisamehe: nilinunua automatique. Ni mwaka ya pili sasa. Karibu gari zote zinaingia Bukavu siku hizi ni vile, na goti yangu ilichoka kukanyaga pedali ya embrayage mu musongamano ya gari ya kila asubuhi. Siku nilileta ile gari nyumbani niligeuza photo yako kidogo, niliona sawa unaniangalia vibaya.

Na haikunisumbua, Papa. Mwaka muzima na zaidi, nabadilisha huile ya moteur na pneu za magurudumu tu. Nilikuwa nasema Papa alikosea.

Ile siku ya mungu nilienda kuchukua Maman kule Bagira, juu ya ubatizo ya mutoto wa jirani. Neema, mutoto yangu, alikuwa nyuma na nyanya yake, wanaimba. Tulifika ku mutelemuko, na mukono yangu ikaenda yenyewe. Sikuituma! Niliona vidole vyangu vinasukuma lever kwenye N, sawa tu ulinifundisha, na gari ikajiachilia, na mimi nikasikia raha. Hata nilicheka. Kisha niliona wamama wawili na makala ku mugongo wanavuka barabara, nikakanyaga pedali ya freins, gari ikapunguza kidogo tu. Nikakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mara ya tatu pedali ikaenda mupaka chini, laini, sawa kukanyaga kitambaa.

Papa, sijawahi kuogopa vile. Maman aliita "Yesu! Yesu!" na mimi nikarudisha lever kwenye D kwa nguvu, gari ikapiga chini, BO!, sawa mutu ameipiga nyundo. Ikashikwa kidogo. Nikaigeuza kwenye rundo ya muchanga ya mutu mwenye kujenga, ikaingia mupaka kwenye taa, ikasimama. Neema alipata nundu ku paji ya uso. Wale wamama wa makala walinitukana vizuri sana, na nilikuwa nafurahi kusikia sauti yao, juu walikuwa wazima.

Tangu hapo gari haipandi. Unaweka D, inafikiri kwanza. Unakanyaga, moteur inalia na gari inabaki fasi yake. Siku ya tano nikaipeleka Kadutu kwa Tonton Déo, ule ule fundi yako na rafiki yako. Amezeeka, lakini mikono ni ile ile. Alitoa huile ya boîte ya vitesse, ile inapaswa kuwa nyekundu. Ilitoka nyeusi. Akaweka kidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse.

"Imeungua," alisema. "Kuifungua, disques za ndani zinatoka Kampala, na mutu wa kuzipanga vizuri Bukavu nzima unamuhesabu ku mukono moja. Kununua boîte ya occasion, yenye ilishatumika, inaweza kuishi mwaka, inaweza kukufia leo mangaribi. Na bei ya hiyo, mimi ningekubadilishia embrayage ya manuel mara tano, na ningebakia na ya bia."

Nikasema kile kila mutu hapa anasema. "Papa aliona. Automatique haiko gari ya Bukavu."

Tonton Déo hakucheka. Alipangusa mikono mu kitambaa, muda murefu. "Nani alikufundisha kutelemuka na N?"

"Hakuna mutu."

"Nsimire. Mimi nilimujua papa yako mbele uzaliwe." Akaikala ku pneu. "Ile 2 na ile L kwenye lever yako, unafikiri waliweka ya mapambo? Ni ya mulima. Moteur inashikilia gari, freins zinapumzika. Automatique inavumilia miaka mingi ukiiheshimu, lakini ukifanya ujinga, boîte inakufa, unalipa, unajifunza. Manuel, unaweza kuweka point mort miaka makumi mbili, boîte haisikie kitu. Haisemi. Haikulipishe hata moja. Mupaka siku freins zinakatala."

Nikamuangalia, naye akaangalia chini. Hapo njo nilianza kuogopa, Papa, na sijaacha.

Unajua vile tunasema nyumbani. Tunasema vitesse iliruka. Tunasema patron alikupa camion yenye boîte mubovu, lever ikatoka yenyewe mu mutelemuko ya Ngomo, freins zikakosa nguvu, na wewe ukaenda. Maman mupaka leo akikutana na bibi ya ule patron ku misa anavuka ngambo ya pili. Mimi mwenyewe nilikatala kushika mukono ya ule bibi siku ya maziko. Tonton Déo njo alienda kuvuta camion kule chini. Nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mutoto.

"Lever ilikuwa katikati," alisema. "Tulitengeneza mbele, tukabadilisha kabine. Boîte hatukuifungua. Haikuwa na kitu. Ile camion iko inatembea mupaka leo na boîte ile ile."

"Na ulinyamaza?"

"Maman yako alikuwa na watoto wawili na kilio. Ningemuambia nini?"

Hakuna mutu alikuwa na wewe mu ile kabine, Papa, na mimi sitasema najua. Lakini najua mukono yako. Ilikuwa juu ya yangu.

Na bado sijakuambia ile inaniondoa usingizi. Bahati amekuwa chauffeur. Ndiyo, mutoto yako wa mwisho, ana bibi na mapacha, na kila juma anashusha camion Ngomo na kreti za limonade mupaka juu. Mwezi iliyopita alinipigia simu, mimi dada yake mukubwa, na furaha: "Yaya, nimebakiza karibu nusu! Sawa Papa!" Na mimi, mujinga, nilimupongeza. Anaondoka siku ya kwanza asubuhi. Leo ni siku ya posho; kesho ni ya mungu, kesho kutwa yeye yuko njiani. Nikimuambia, naondoa kwa Maman ule mutu wa kukasirikia, na nakuondoa wewe ku fasi tulikuweka. Nikinyamaza... Hapana. Naacha hapa.

*

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili ya mangaribi. Narudilia barua.

Niliwaambia jana, Bagira, kisha kula. Tulikuwa na bugali na sambaza na sombe, vile unapenda. Nilisema yote mara moja, na haraka, juu ningepumzika ningeacha.

Bahati alisimama. "Yaya, umeharibu gari yako, sasa unatafuta kuharibu na Papa?"

Papa, iliniumiza. Nilimuambia hata mimi nilifanya, na Maman na Neema nyuma, na kama si ile muchanga leo angekuwa anatuzika. Alisema automatique haiko camion. Alisema Déo ni muzee, anachanganya. Alisema wewe ulikuwa chauffeur kupita wote wa hii muji, na alikuwa analia akisema hivyo, mwanaume mwenye ndevu.

Maman alikuwa anakusanya sahani. Aliziweka chini. "Alikuwa ananiletea ile mazout mu bidon, ya kuuzisha," alisema. "Alikuwa anaingia anaimba. Nilikuwa namusifu." Akaangalia juu, ku mabati. "Nilikuwa namusifu, wanangu." Kisha akachukua sahani zake, akaenda inje kuosha, na hakutaka musaada yangu. Nilisikia maji inamwangika muda murefu kupita sahani tatu.

Bahati aliondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nilienda ku kazi, ku bureau, na miguu, nikaikala mbele ya ordinateur, sikuandika hata mustari moja. Saa ine nilijua anapita Nyangezi. Saa tano nilijua anakaribia Ngomo. Niliandika ujumbe mara ine, nikafuta mara ine. Mwenzangu aliniuliza kama niko na malaria. Nikasema ndiyo.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa yeye. Nikasema "Bahati?" hakujibu. Nilisikia tu makelele. Nikafikiri, Mungu wangu, ni vile inakuwa, mutu anapiga simu na hakuna mutu ku simu. Nikasimama. Nikaita jina yake mupaka bureau nzima ikanyamaza.

Papa, ilikuwa moteur. Ilikuwa moteur ya camion inalia mu vitesse ya pili, inalia na nguvu, inapunguka mu virage, ku kila kona, inalia tena. Aliweka simu mbele yake, kwenye kioo, juu nisikie. Na mimi sikukata. Nilibaki nimesimama na simu ku sikio, watu wananiangalia, na nilisikiliza Ngomo yote, virage kwa virage, ile kelele mubaya. Ilichukua muda murefu. Wewe ulikuwa unaimaliza haraka sana.

Gari yangu iko bado kwa Tonton Déo. Nimemuambia aifungue, disques zitoke Kampala, hata kama inanimaliza. Amenishangaa, alifikiri nitakuja kuuliza manuel. Sitaki. Nataka gari ambayo nikikosea inapiga kelele.

Na ule bibi ya patron, nitamuendea. Sijui nitamuambia nini, na hiyo pia iko inaniogopesha. Siku ya ine Bahati anarudi, na juma ijayo anashuka tena, na hakuniahidi kitu. Usidanganyike kwamba woga imeisha. Nimekukasirikia pia, Papa, sana, na kisha nakumbuka mukono yako ya moto na sijui niweke wapi hasira. Lala tu. Sisi tutaangalia barabara.

Na leo, Bahati alipofika Kamanyola, chini kabisa ya Ngomo, simu bado ku sikio yangu, moteur ilitulia, na nikasikia anavuta pumzi.

"Yaya," alisema, "mazout imeenda yote. Leo hakuna kitu nitabakiza."

"Rudi vile vile," nilimuambia. "Rudi bila kitu."

Mutoto yako wa kwanza,
ule uliita mama