Hatua za Zimwi

Kasulu, Jumatano, Januari 1973

Leo zimwi langu limewatisha watoto kweli. Jana nilisema tu ni kubwa na baya, darasa likapiga miayo. Leo niliiga hatua zake matopeni, chwapu, chwapu, zikikaribia mlango. Kisha likapiga chafya, sufuria iliyokuwa kichwani mwake ikaruka. Wakacheka hadi machozi.

Sesilia hakucheka. Alikuja mwaka jana na mama yake, wakikimbia kutoka Burundi. Nilimkuta chini ya dawati.

“Mwalimu, lilivaa viatu?”

“Hapana, mwanangu. Miguu mitupu.”

“Basi si wale waliokuja kwetu.” Akainuka, akakaa.

Nilijaribu kuendelea, sauti ikakataa. Wenzake walidhani naigiza, wakazidi kucheka.