Lenox Hakutoa Mkono

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mazoezi ya mieleka ya maonyesho, Kinoo. Lenox, mgeni wetu, kaingia, kaketi, hakumpa mtu mkono. Hata mmoja! Na sheria yetu ya kwanza sisi wanamieleka ni hiyo — ukiingia chumba cha kubadilishia nguo, unamsalimia kila mtu kwa mkono, kuanzia wakongwe. Ndivyo tunavyoahidiana kutoumizana. Zadock, mkubwa wetu, alimtazama tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Zadock kaniita kando. Jumamosi, kwenye shoo ya Jamhuri, napambana na Lenox. Nisimbwage kimchezo — nimbwage kweli, atangulie kichwa, ajue adabu. Zadock mwenyewe alivunjwa mbavu akiwa mgeni, na bado akaomba msamaha. Anajivunia! Nikasema sawa, Mzee. Miaka yote hii ulingoni na bado nasema sawa, Mzee. Najichukia.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemkuta Lenox kibandani, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Nikamfokea kuhusu salamu. Ndipo akafunguka. Wiki jana aliangukia shingo mazoezini. Tangu hapo vidole vya kulia vimekufa ganzi, hahisi hata kikombe. Alificha mkono tusijue. Nikamwambia aende hospitali leo hii.

"Zii, Muli. Nikitolewa kwa hiyo show, sirudi tena. Please, usiniseme."

Shingo! Si goti, si kidole. Shingo.

Jumamosi, 13 Septemba — Jamhuri, chumbani

Nimemwambia Zadock kuhusu shingo. Kacheka. Eti kila mgeni akijua anakuja kufunzwa adabu, lazima afe ganzi mahali. Nikasema simbwagi Lenox, atafute mwingine. Mwanamieleka mwenzetu Stellah, ambaye huwa haogopi mtu, akainamia begi lake.

"Sawa. Wewe kaa," Zadock akasema. "Naingia mimi."

Hajapigana tangu mwaka jana. Akaanza kufunga kamba za viatu, polepole.

Lenox alikuwa nje. Alipoambiwa, uso ukamng'aa — mgeni kupangiwa Zadock ni heshima kubwa! Anadhani amesamehewa. Akaja mbio kwangu kunishukuru, eti anajua ni mimi nimemwombea. Nilitikisa kichwa tu, na akaelewa anavyotaka.

Promota wa shoo amesimama pale mlangoni. Neno moja kwake lingetosha kulizuia pambano.

Wametoka. Watu wanashangilia. Humu ndani hakuna anayenitazama, nami sijainuka.