Taa ya Rehema

Dada Zuhura, shikamoo.

Goti linasemaje? Dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeifungia kabatini na vitu vyako vyote vizuri? Sisi huku Birmingham wazima, ila baridi imeingia mpaka kwenye vijiko.

Juzi ulinikatia simu ukicheka. Sikuwa nimemaliza, ndiyo maana naandika.

Shuleni kwa Rehema, kila majira ya baridi watoto huzunguka bustani na taa za karatasi. Huku saa kumi alasiri giza limeshaingia. Mke wangu alitaka tununue ya plastiki. Nikasema hapana, naitengeneza mwenyewe. Unajua kwa nini. Nyumbani vishada vyote vya kurusha vilikuwa vyako. Wewe ulichomoa chelewa kwenye fagio la mama mpaka likabaki kipara, wewe ulipika gundi ya unga wa muhogo, mimi nikatumwa dukani kwa sababu "Sudi ana kichwa cha hesabu, mikono hana." Hata mkia sikuwahi kubandika. Mpaka leo naisikia harufu ya ile gundi ikikauka juu ya bati, na wewe ukinikemea nisiguse.

Basi nikanunua vijiti vya mishikaki kwenye maduka ya Alum Rock Road. Pande sita, kila upande sentimita kumi na tano kwa thelathini, kwa rula, si kwa shibiri kama wewe. Unga wa muhogo nikaomba kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo. Akaja kuchungulia.

"Baba Rehema, fufu unapakala ku makaratasi? Na watoto watakula nini?"

Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyofanya.

Kwetu kuna jua, dada. Hilo nililisahau. Asubuhi gundi ilikuwa mbichi kama imepakwa sasa hivi. Nikaisogeza kwenye hita, karatasi ikajikunja yote. Rehema akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba ya plastiki nayo si mbaya. Ndipo nilipokupigia. Ukasema, "Maji umezidisha. Na wewe si ndiye wa hesabu?" Ukacheka, ukakata.

Nikapika upya, nzito. Nikapaka kwa ncha ya kidole, kila upande nikaukausha peke yake kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Nikatia kibalbu cha betri. Ikasimama. Ikang'aa rangi ya chai ya maziwa, alama za vidole vyangu zikionekana, na jikoni kukanuka kama uani kwa mama. Nilikaa nikaitazama, chakula kikapoa.

Bustanini mwalimu akainama, akauliza nani katengeneza taa nzuri hivi. Mimi nimesimama palepale, nimeshika glavu za mtoto.

"Shangazi yangu wa Tanga," Rehema akajibu.

Njiani nikamuuliza. Akasema wewe ndiye uliyekuwa unajua, mimi nilikuwa nauliza tu.

Nimehangaika huku bila kukuomba kitu, dada, lakini hili naomba. Jumapili ukimpigia, mwambie ni baba yake aliyetengeneza. Wewe anakuamini.

Nisalimie shemeji, mjomba fundi cherehani, na shangazi wa vitumbua. Mke wangu anakuamkia.

Picha ya taa nimeitia humu. Pembe moja imepinda, najua utaiona kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo usimwambie.

Mdogo wako,
Sudi