Namba Tano

Jumatatu, 10 Juni 2024
Mzee Huseni kapigwa kichwani asubuhi kwa pondo, mti wa kusukumia chombo, injini ya boti yake imeibwa. Yuko hospitali Utete, hasemi. Shahidi mmoja tu, Bi Sihaba wa Ikwiriri, kaja huku kuvuna mpunga. Alikuwa juu ya dungu lake akilinda shamba, anasema uso wa mwizi kauona. Askari wa kituo ni wawili, mimi na Twalha. Nyayo? Maji yamejaa, yamefuta zote. Nimekasirika!

Jumatano, 12 Juni
Wanakijiji wamemkamata Mudrick, fundi injini wa Mohoro. Kosa lake ugeni na grisi mikononi. Mnyonge hana haki. Mzee akifa, ni kesi ya mauaji.
Twalha anasema kikulacho ki nguoni mwako, mwizi ni wa hapahapa. Nikamwambia akafagie mahabusu.
Kesho Inspekta anakuja na gwaride la utambuzi. Anataka wanaume wanane wanaofanana na Mudrick, wasimame naye. Wanane, kijiji hiki! Nimezunguka mpaka msikitini, nimepata saba. Wa nane nimembembeleza mdogo wangu, Miraji. Kagoma. Nikamcheka — simama tu, huna hatia, waogopa nini? Mwishowe kakubali.

Alhamisi, 13 Juni
Bi Sihaba kapita mstari mara moja. Kapita tena. Kamgusa bega Miraji! Namba tano.
Watu wakaangua kicheko. Inspekta kaandika shahidi ameshindwa, huyo wa kujazia tu. Na mimi nilicheka. Nilicheka sana. Hakuuliza namba tano ni ndugu wa nani. Sikusema. Mudrick hatoki, Jumamosi boti inampeleka Kibiti kuhojiwa.
Bibi kanivuta pembeni: "Mwanangu, mie sikukosea. Mmeniambia nimguse niliyemwona."


Ijumaa, 14 Juni
Inspekta kapiga simu. Mzee Huseni kazinduka, alhamdulillahi! Uso wa mwizi haukumbuki, ila anasema walipokabana alimng'ata mkono wa kulia, chini ya kiwiko, mpaka damu. Inspekta anataka nimkague Mudrick, nimpe jibu leo.
Nimemkagua. Mikono yote miwili safi. Kaniuliza, "Afande, sasa naenda nyumbani?" Nikasema ngoja nipige simu.
Sijapiga.
Miraji katoka msikitini, kaja kula kwangu kama kila Ijumaa. Siku zote akifika huvua kanzu, anakula na singlendi. Leo hajavua. Jana kwenye gwaride alivaa mikono mirefu — nakumbuka sasa. Niko jikoni, eti natafuta chumvi. Nimemlea tangu mama afe. Nampenda mtoto huyu, wallahi! Naogopa.
Anaita: "Dada, wali unapoa! Leta maji ninawe."
Birika ninalo mkononi. Nikimmwagia, itabidi akunje mkono wa kanzu —