Izabayo Hakulishwa Sumu

Tantine Emerance,

Toa maharagwe kwenye moto. Nampeleka Izabayo hospitali. Nabintu amekimbia kututafutia pikipiki. Ndiyo, Nabintu jirani yetu Mukongo, yule unayesema alimulisha mutoto wangu sumu ndani ya beignets, yale maandazi yake.

Nilipoenda robine kuchota maji asubuhi ulimunywesha dawa ya majani ya kutapisha. Eti, "Atapike, sumu ya Wakongo itoke!" Hongera. Ametapika mpaka ameanguka, mwili baridi, nikimuita ananiangalia tu. Na wewe umerudi Mururu kwa mganga wako kuchukua kopo la pili!

Nimekueleza mpaka mate yamekauka. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Za Izabayo hazitoi kile kinachoshika chumvi na nguvu mwilini. Ndiyo maana alikonda, fizi zikawa nyeusi, akawa analamba chumvi. Vidonge vya daktari vinashika nafasi ya tezi, kila siku, na akipata homa tunaongeza. Akivitapika anaweza kufa. Wewe ukacheka: "Daktari anajua nini na sumu ya Wakongo?" Wewe uliyezaliwa Uvira, kulekule Kongo, Tantine! Wewe ni Mukongo siku gani, na siku gani siyo?

Papa Izabayo akirudi, umwambie wewe mwenyewe ulichofanya. Usimwambie "ameugua ghafla."

~~Usikanyage hospitali.~~

Kuja. Leta yale majani yaliyobaki. Daktari atauliza mutoto amekunywa nini, na mimi sijui. Pikipiki imefika. Kimbia.

Mama Izabayo